Shada la Krismasi la mlangoni: msaipresi, maganda ya mgomba au mabaki ya kitenge?

Kabla hujakata tawi wala kwenda kuomba vipande kwa fundi cherehani, tazama vitu viwili: mlango wenyewe na kalenda. Geti la chuma linalopigwa na jua tangu saa sita mchana hadi saa kumi na moja ni tanuri. Ukiligusa unaondoa mkono. Mlango wa mbao ulioingia ndani ya baraza haulioni jua hilo kabisa. Shada linaloweza kukaa wiki mbili barazani litakuwa ufagio getini kabla ya siku tano kwisha. Na shada la tarehe 1 Desemba haliwezi kutengenezwa kwa vitu vile vile vya shada la tarehe 22.

Wengi huanzia kwenye picha waliyoiona katika simu. Picha hizo zimepigwa kwenye nchi za baridi, ambako tawi lililokatwa likitundikwa nje ni kama limewekwa kwenye friji, na mwezi mzima linabaki bichi. Kampala, Desemba huingia mvua za Septemba hadi Novemba bado zinamalizia, kisha jua linakaza na joto la mchana linafika nyuzi 27 au 28. Shada linalowa, linakauka, linalowa tena. Hicho ndicho kipimo, na uzuri wa siku ya kwanza usikudanganye.

Vitu vitatu vinastahili kushindanishwa: matawi mabichi ya msaipresi, maganda makavu ya mgomba, na mabaki ya kitenge. Mafunjo na gugu maji lililokaushwa vinafaa pia kwa anayejua kusuka mkeka, lakini asiyejua atapoteza siku mbili akijifunza kazi ambayo mgomba ungemfundisha kwa saa moja. Vipimo vyote hapa chini ni vya shada la kipenyo cha sentimita 35, ambalo mzingo wake ni kama sentimita 110.

Duara kwanza

Shada likiharibika, mara nyingi lawama ni ya duara la ndani. Majani hayana kosa.

Hanga la nguo ndilo la kwanza kila mtu analolifikiria, nalo linatosha kwa shada dogo la sentimita 20 au 25 la kitambaa. Zaidi ya hapo waya wake, ambao ni wa milimita mbili hivi, unashindwa na uzito na duara linageuka yai. Kwa sentimita 35 tafuta waya mgumu wa milimita 4. Mafundi chuma huwa na vipande vilivyobaki. Kwa Kampala, Katwe ndiko kwenyewe. Kata sentimita 116, uzungushie sufuria yenye kipenyo cha sentimita 30 au 31, maana waya ukiachiwa hujitanua kidogo. Ncha mbili zipishane kwa sentimita 6, halafu pafunge kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, mizunguko kumi iliyobanana.

Kisha chukua tyubu ya baiskeli iliyochoka, ikate utepe wa sentimita 2 na uuviringe duara lote ukiuvuta. Usiiruke hatua hii. Bila mpira, waya unateleza ndani ya kitu ulichokifunga, na mvua ikipita kutu inatoka na kuchora mstari wa kahawia kwenye rangi ya mlango.

Boksi la karatasi ngumu nalo hukatwa duara, tabaka mbili zikagundishwa mistari yake ikikingama. Ni rahisi na ni bure, ila ni la ndani ya nyumba tu. Unyevu wa usiku mmoja barazani unatosha kulilegeza. Mitambaa ya pasheni inayong'olewa shambani ni bora kuliko boksi: ikiwa bado mibichi, zungusha mizunguko mitano au sita na kuipitisha mmoja juu ya mwingine, kisha iache wiki nzima. Itasinyaa, mafungo yatalegea, uyakaze upya. Ukiifunika siku ile ile, kila kitu kitacheza juu yake baadaye.

Kwa geti kubwa au ukuta wa kanisa, ringi ya baiskeli iliyotolewa spoki haina mshindani. Haipindi, na matundu ya spoki ni mahali pa kufungia. Si ubunifu mpya sana: shada la Majilio lenyewe, kama linavyosimuliwa, lilianzia Hamburg mwaka 1839, pale mchungaji Johann Hinrich Wichern alipopanga mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni kwa ajili ya watoto aliokuwa akiwalea.

Msaipresi

Huu ndio mti wa uzio ambao watu wengi huuita tu mti wa Krismasi, na matawi yake ndiyo yanayouzwa barabarani wiki ya mwisho. Faida yake ni harufu. Hakuna maganda wala kitambaa kitakachokuletea harufu ile ya Sekukulu, Krismasi ya Waganda, ukifungua mlango asubuhi, na kama kwako hiyo ndiyo sikukuu yenyewe, usibishane na nafsi yako, kata msaipresi. Lakini uukate ukiwa umechelewa. Tarehe 20 ni mapema ya kutosha.

Duara moja la waya halifai hapa, kwa sababu vicha vitazunguka na kuangalia chini. Tengeneza maduara mawili, la nje sentimita 35 na la ndani 27, uyaunganishe kwa vipande sita vya waya kama ngazi. Kata vitawi vya sentimita 15, kati ya 100 na 120, ukichagua ncha laini zenye majani pande zote. Vikate jioni, vitie kwenye ndoo ya maji ncha zikiwa chini, vilale humo usiku kucha. Kitawi kilichokunywa maji kinaongeza siku tatu au nne za uhai.

Asubuhi panga vicha vya vitawi vitano au sita. Kimoja kinalala juu ya duara, waya mwembamba unazungushwa mara tatu kwenye shina lake na kuvutwa mpaka uingie kwenye gome. Kicha kinachofuata kinafunika mashina ya kilichotangulia, kikisogea sentimita tano na nusu tu. Vyote vielekee upande mmoja. Waya usikatwe katikati. Andaa mita 8 zilizozungushwa kwenye kijiti, ziende mfululizo mpaka kicha cha 20. Kile cha mwisho ndicho kinachowashinda wengi: inua majani ya kicha cha kwanza kwa vidole, ingiza mashina chini yake, funga, kisha uyaachie majani yafunike. Hapo hakuna atakayejua mwanzo uko wapi. Mikono itanata utomvu, na sabuni peke yake haiutoi. Paka mafuta ya kupikia kwanza, sugua, ndipo unawe.

Tatizo kubwa ni kusinyaa. Kijiti kinapokauka kinakuwa chembamba, waya uliokuwa umebana unabaki na nafasi, na siku ya sita vicha vinaanza kudondoka kimoja kimoja kila mlango ukifungwa kwa nguvu. Ndiyo maana waya uvutwe kweli kweli mara ya kwanza. Kunyunyizia maji kila asubuhi kunasaidia barazani. Getini juani hakusaidii kitu. Tegemea siku 10 hadi 14 kivulini, nne au tano juani kabla rangi haijafifia. Kabale, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, baridi inakuongezea siku.

Msonobari huchelewa kupoteza rangi kuliko msaipresi, ila sindano za ule unaopandwa sana kwenye mashamba ya mbao ni ndefu mno, na shada linaonekana kama kichwa ambacho hakijachanwa. Chukua matunda yake makavu kwa mapambo, matawi yaache.

Maganda ya mgomba

Mlango wa kawaida wa nyumba ya Uganda, unaopata jua kiasi na mvua kiasi, unafaa hili. Malighafi iko nyuma ya nyumba au kwa jirani: maganda makavu yanayoning'inia kwenye shina la mgomba, yale ambayo Waganda huyaita byayi na kuyatumia kufungia kila kitu, pamoja na majani makavu, yaani sanja. Rangi zake zinatoka krimu hadi kahawia iliyokoza, hata kwenye mgomba mmoja, kwa hiyo usihangaike na rangi za kununua.

Yavue asubuhi umande ukiwa bado haujaondoka. Saa saba mchana ganda lile lile linapasuka mkononi kama karatasi kuukuu. Vua kwa mkono, yale yaliyokwisha kukauka tu. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ule ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 na ambao wakulima huuita kiwotoka, unasafiri kwa visu kutoka shina hadi shina. Mtu anayepita shambani na kisu akikata maganda ya kupambia mlango anaweza kumwachia mwenye shamba hasara ya msimu. Ukilazimika kukata, pitisha kisu kwenye moto au kwenye maji ya jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na shamba lenye mgomba mgonjwa usichukue kitu kabisa. Vaa nguo ya kazi pia. Doa la utomvu wa mgomba halitoki.

Yaanike siku mbili kamili. Hapa ndipo haraka inapoleta aibu. Ganda linaweza kuwa kavu kwa nje na bado lina unyevu katikati, kwenye vile vyumba vidogo vidogo unavyoviona ukilichana. Ukilifungia unyevu huo ndani ya shada, baada ya wiki madoa meusi ya ukungu yanatokeza juu na harufu ya ghala inajaa barazani. Pima kwa kukunja: likitoa sauti ya mchakacho, liko tayari, likikunjika kimya, lirudishe juani.

Duara la waya moja linatosha. Lizungushie sanja kavu mpaka unene ufike sentimita 4 au 5, ukifunga kwa nyuzi za ganda kila baada ya sentimita 10. Huo ndio mwili. Maganda kumi na mbili hivi yachane vipande vya upana wa sentimita 3 au 4, uyafute kwa kitambaa chenye maji, usiyaloweke, yalainike tu. Viringa ukianzia nyuma, kila mzunguko ulale juu ya nusu ya uliotangulia. Kipande kikiisha, ncha yake ifichwe chini ya kinachofuata, na viungio vyote vibaki upande wa mlangoni. Anayetaka umbo la kupendeza zaidi asuke mkia wa nyuzi tatu: kusuka kunakula urefu, kwa hiyo mkia wa sentimita 130 unaanza na nyuzi za karibu mita mbili, ukiunganisha ganda jipya kabla la zamani halijaisha, na kamwe nyuzi mbili zisiungwe mahali pamoja.

Liache siku moja kivulini likauke tena kabla ya vanishi. Mkono mmoja mwepesi wa vanishi isiyong'aa unazuia manyunyu. Mikono mitatu inalifanya lionekane la plastiki. Lisiegemee ukuta wa udongo wala kugusa sakafu usiku, mchwa hawahitaji mwaliko. Kwa matunzo hayo linaona Krismasi mbili, hata tatu.

Mabaki ya kitenge

Chini ya meza ya kila fundi cherehani kuna mfuko wa vipande ambavyo hatavishona tena. Muombe wiki ya kwanza ya Desemba, kabla kazi za sikukuu hazijamlemea, la sivyo atakwambia urudi Januari.

Unahitaji vipande 200 hivi, kila kimoja upana sentimita 2.5 na urefu sentimita 15. Ukivijumlisha ni kama sentimita 65 za kitenge kizima, ila kwa mabaki huna haja ya kununua. Kila kipande kinafungwa fundo moja kwenye waya uliokwisha kuviringwa tyubu, kinasukumwa kibanane na mwenzake, ncha zote zikitazama mbele. Kila fundo huchukua milimita tano au sita. Ukifika kipande cha 140 utadhani umemaliza. Sukuma vyote upande mmoja uone nafasi iliyobaki. Shada la kitenge lisilobana linaonekana kama kamba ya kuanikia nguo.

Pamba inakaa kwa fundo moja. Poliesta inateleza hata kwa mawili, na kingo zake zinachanuka nyuzi nyuzi. Kama fundi amekupa mchanganyiko, itambue kwa kukwaruza kwa ukucha, na iliyo laini mno iweke kando. Mkasi wa meno unapunguza kuchanuka. Kuhusu rangi, mkono wa kuzuia ni bora kuliko wa kuongeza: chagua tatu, mojawapo ikiwa nyekundu au kijani. Vitenge kumi tofauti vinapigana, na mtu wa barabarani haoni shada, anaona rundo.

Kazi yake ni saa tatu au nne, na watoto wa miaka sita wanaweza kufunga mafundo. Mvua hailiharibu, ingawa likilowa linakuwa zito. Adui yake ni jua. Getini linalotazama magharibi, nyekundu inaanza kuwa waridi kabla ya Desemba kwisha. Kila mwaka geuza ubavu uliofifia utazame chini, au badilisha vipande 30 vya juu tu.

Ukiyaweka pamoja

Kwa kasi, msaipresi unashinda: saa moja na nusu ukiwa na matawi tayari. Mgomba unadai siku tatu ingawa mikono inafanya kazi saa chache tu, kwa sababu siku zilizobaki ni za jua. Kwa uzito, msaipresi mbichi ndio mzito wa wote na unahitaji ndoano ya maana. Mgomba ni mwepesi kiasi cha kushikwa na uzi wa katani. Kwa mtu anayeanza tarehe 23 na mlango wake uko kivulini, jibu ni msaipresi bila maneno mengi. Kwa geti la chuma lenye jua, kitenge cha rangi iliyofifia tangu mwanzo, au mgomba. Kwa mpangaji wa chumba kimoja asiye na shamba wala mahali pa kuanika, kitenge. Na kama mlango wako ni wa mbao lakini nje yake kuna mwingine wa vyuma dhidi ya wezi, pima nafasi kati yao kabla ya lolote: ikiwa ni pungufu ya sentimita 8, msaipresi na kitenge vitapondwa kila jioni, na mgomba mwembamba wa kusuka ndio utakaopita.

Vya kuongezea

Shanga za karatasi zinafaa mashada yote matatu. Pembetatu ndefu ya karatasi ya kalenda au gazeti la rangi, kitako sentimita 2 na urefu sentimita 30, inaviringwa kwenye kijiti kuanzia kitako, ncha inagundishwa, inapakwa vanishi mara mbili. Nyekundu zikikusanywa tano tano zinachukua nafasi ya yale matunda mekundu ya kwenye picha. Poinsetia, ambayo Desemba imewaka kila ua, inanyauka ndani ya saa chache ikikatwa. Ichome ncha kwenye moto mara tu unapoikata, na jihadhari maziwa yake yasiingie machoni. Bogenvilea inakauka bila kupoteza umbo, hivyo ni rahisi zaidi. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazopendwa kwenye mikufu ziache kabisa kama kuna mtoto nyumbani, kwa kuwa moja iliyotafunwa inaweza kuua.

Lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho ufundi wa kukitengeneza UNESCO iliutangaza urithi wa binadamu mwaka 2005 na kuuingiza kwenye orodha yake mwaka 2008, hutoa maua mazuri ya rangi ya udongo: kata mviringo wa sentimita 8, ukate tena kama konokono kutoka ukingoni hadi katikati, viringa na ushone kitako kwa sindano. Lakini kwa Waganda wengi lubugo ni vazi la kutawazwa kwa Kabaka na pia sanda ya maiti, na neno shada lenyewe kwa Kiswahili linampeleka mtu makaburini kwanza. Maua mawili matatu ya lubugo ni heshima. Duara zima la lubugo lenye utepe wa zambarau au maua meupe, jirani atabisha hodi kwa sauti ya chini aulize ni nani.

Mishumaa usiiweke kwenye mgomba wala kitenge, wala kwenye msaipresi uliopita wiki moja, kwa kuwa mafuta yake yanashika moto kwa kasi ya ajabu. Anayetaka mishumaa minne ya Majilio aisimamishe kwenye bakuli la mchanga katikati ya meza, shada likizunguka bakuli kwa nafasi ya shubiri moja.

Kwenye geti la chuma, tundika kwa ndoano ya waya yenye umbo la S iliyovishwa tyubu, na chini ya shada funga uzi wa pili kwenye chuma ili lisigonge kila geti linapofunguliwa. Sikukuu ikipita, kitenge kikung'ute na ukihifadhi kwenye gunia lenye hewa, si kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, maana humo litaota ukungu ifikapo mvua za Machi. Msaipresi ukate vicha vyote na uurudishe waya kwenye kijiti chake kabla ya kuyapeleka majani kwenye lundo la mboji. Kipande cha waya kilichosahaulika humo kitaonekana tena mguuni mwa mtu au tumboni mwa ng'ombe.